Daftari ni la Mwenyewe: Tathmini ya Huduma ya Uandishi kwa Vijana Wagonjwa

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa bila malipo katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 19 wanaolazwa mara kwa mara au wanaohudhuria kliniki kwa maradhi mazito ya muda mrefu: selimundu, saratani, moyo, figo, na wachache wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kila mmoja hupewa kaunta buku jipya na kalamu, huketi katika chumba kidogo kilicho jirani na wodi, na huandika kwa dakika 20 juu ya jambo linalomwelemea, pasipo kusahihishwa na pasipo kulazimika kumsomea mtu yeyote. Sitaitaja hospitali kwa jina, kwa kuwa nitasema pia yasiyopendeza, na kwa kuwa watoto waliomo wangetambulika kwa urahisi. Ninaandika nikiwa mlezi wa binti wa marehemu dada yangu, ambaye ana selimundu na amekuwa akishiriki tangu mwaka jana, na pia nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kazi iliyonizoesha kushika kalamu nyekundu kila ninapoona maandishi ya kijana.

Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye mgonjwa nyumbani asilazimike kuisubiri: huduma hii ni njema, inastahili kuigwa na hospitali nyingine, na mzazi anayepewa nafasi ya kumpeleka mtoto wake asisite. Lakini wema wake wote umesimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba anachokiandika kijana ni mali yake peke yake. Pale ambapo jambo hilo limelindwa, nimeona faida. Pale lilipovunjwa, nimeona madhara ambayo hayakutokana na ugonjwa.

Uzito wa jambo hilo ataelewa yeyote aliyewahi kumuuguza kijana wodini. Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu. Chembe zao nyekundu za damu hugeuka umbo la mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa, kifua au tumbo huja bila kutoa taarifa. Anayefikia umri wa sekondari huwa ameshakosa mitihani kadhaa, mara nyingi ana umbo dogo kuliko wenzake na amechelewa kubalehe, na mwili wake umeshikwa na mikono mingi isiyohesabika ya watu wanaomchoma sindano, wanaompima joto na wanaomgeuza kitandani. Mazungumzo kumhusu hufanyika mlangoni kwa sauti ya chini. Sisi walezi, kwa nia njema kabisa, humwambia ajikaze, amwombe Mungu, asiwaze sana. Humficha jina la ugonjwa au ukubwa wake kwa hofu kwamba atakata tamaa, ilhali yeye ameshausoma kwenye faili lake au kwenye simu ya jirani yake wa kitanda. Matokeo yake ni kwamba mtoto mgonjwa ndiye anayewabeba watu wazima: hutabasamu mama anapoingia ili mama asilie, na hukaa kimya baba anapouliza hali ili baba aondoke akiwa na amani. Kijana wa namna hiyo hana mahali hata pamoja ambapo anaweza kusema ukweli wake bila kumuumiza mtu. Daftari humpa mahali hapo, mradi liwe lake kweli.

Utaratibu unaofuatwa chumbani humo haukubuniwa hapa nchini. Chimbuko lake ni jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, lililochapishwa mwaka 1986, ambapo wanafunzi 46 wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist huko Texas, Marekani, waliandika kwa dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Baadhi walipewa mada nyepesi za kawaida. Wengine waliandika juu ya matukio machungu ya maisha yao kwa kueleza yaliyotokea tu, wengine kwa kueleza hisia tu, na wengine kwa kuunganisha yote mawili. Katika miezi iliyofuata, waliounganisha tukio na hisia zake walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi kuliko walioandika mada nyepesi. Maelekezo yalikuwa mepesi na hadi leo hayajabadilika sana: andika bila kusimama, usijali tahajia wala sarufi, na maneno yakikuishia rudia uliyokwisha kuyaandika mpaka mengine yaje. Hapo awali ilidhaniwa kwamba faida inatokana na kutua mzigo wa siri, kwa kuwa kuficha jambo zito huuchosha mwili. Baadaye Pennebaker alipochunguza maneno yenyewe aliona jambo la ziada, kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao, kadiri siku zilivyosonga, walizidi kutumia maneno ya kutafuta sababu na ya kutambua, yaani walioanza na kilio wakafika mahali pa kujiuliza kwa nini na kujijibu.

Hapa nina lawama yangu ya kwanza, nayo inahusu kipeperushi kilichobandikwa mlangoni pa chumba. Kinadai kwamba uandishi huimarisha kinga ya mwili na kupunguza siku za kulazwa, kana kwamba jambo hilo limeshathibitishwa kwa vijana wagonjwa. Halijathibitishwa kwa kiwango hicho. Ni kweli kwamba mwaka 1999 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Joshua Smyth na wenzake kwa wagonjwa 112 wa pumu na baridi yabisi, na miezi 4 baada ya kuandika takriban asilimia 47 ya walioandika juu ya machungu yao walikuwa wamepata nafuu ya kitabibu, dhidi ya asilimia 24 ya walioandika mambo ya kawaida. Lakini hao walikuwa watu wazima. Uchambuzi wa Joanne Frattaroli wa mwaka 2006, uliokusanya tafiti 146, ulionyesha kwamba faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 uliohusu vijana wa miaka 10 hadi 18 ulifikia neno hilohilo la udogo. Na wa mwaka huohuo uliohusu wagonjwa wa saratani haukuona faida ya jumla, ingawa uliacha mlango wazi kwamba baadhi ya watu hunufaika kuliko wengine. Kwangu mimi faida ndogo isiyo na gharama, kwa mtoto anayeteseka, ni sababu ya kutosha ya kuendelea. Siyo sababu ya kuahidi makubwa. Mzazi aliyechoka na mwenye madeni anaweza kuamini kwamba daftari litachukua nafasi ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu, au ya kuongezewa damu, na jambo ninaloliogopa zaidi, kijana ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya anaweza kujilaumu kwamba hakuandika vizuri vya kutosha. Kipeperushi hicho kiondolewe, kibandikwe kingine kinachosema kwamba hapa kijana atapata nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake. Hilo peke yake linatosha kumleta mtu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mgonjwa kushika kalamu si jambo geni. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na katika beti za mwanzo anamweleza binti yake kwamba maradhi yamemshika hata umetimia mwaka. Karibu na wakati wetu, kuanzia miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini Uganda walihimizwa kuandika vitabu vya kumbukumbu ili watoto wao waijue asili yao hata wazazi wakiondoka. Katika mifano yote miwili mzazi ndiye mwenye neno na mtoto ndiye msikilizaji. Ninachokithamini katika huduma hii ni kwamba mtoto ndiye mwenye kalamu, na wala hatakiwi kuusia, kushukuru au kumpa mtu mwingine mafunzo.

Vipindi hufanyika Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 8 mchana. Wasimamizi ni muuguzi mwenye mafunzo ya ushauri nasaha, ambaye watoto humwita dada badala ya sista, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Anayeweza kutembea hutembea, asiyeweza huletwa kwa kiti cha magurudumu, na aliyeungwa na dripu huja na stendi yake. Kuna uangalifu hapa ambao sijauona kwingine: asubuhi ya siku ya kipindi muuguzi huwakumbusha wenzake kwamba kanula (mrija mdogo wa dawa unaoachwa mshipani) ya mtoto atakayeandika iwekwe kwenye mkono asiouandikia. Ni jambo dogo kwa anayelitazama kwa mbali, lakini kwa kijana ambaye hajawahi kuulizwa sindano ichomwe wapi, ni mara yake ya kwanza kuona hospitali nzima ikiupangia nafasi mkono wake wa kuandikia.

Mezani huwekwa bahasha yenye vipande vya karatasi, na kila kipande kina kianzio kimoja. Kijana huchagua, au hukirudisha na kuandika apendavyo. Nilioneshwa baadhi yake: jambo ambalo nyumbani hawajui kwamba ninalijua, siku niliyoogopa kuliko zote, kama mwili wangu ungesikia, ningeuambia nini. Ni vianzio vyema kwa sababu havielekezi kwenye jibu la adabu. Lugha ni ya hiari. Wapo wanaoandika Kisukuma, wapo wanaochanganya Kiswahili na maneno ya mtaani, na hakuna anayesahihishwa. Kama mwalimu nilipata shida kulikubali hilo mwanzoni, kisha nikaelewa. Shuleni tunawafundisha kuandika insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho, tena yenye methali ya kufungia, na dada msimamizi aliniambia kwamba vijana wengi huuliza siku ya kwanza kama wataanza na methali. Aliyezoea kuandika ili apate alama huchukua muda kuamini kwamba hapa hakuna alama. Asiyeweza kushika kalamu kwa udhaifu au maumivu huruhusiwa kuchora, au kusema peke yake kwenye kinasa sauti pembeni, ingawa kinasa sauti kilichopo ni kimoja na hugombewa.

Madaftari hayabaki mikononi mwa wahudumu. Hutunzwa ndani ya tranka la bati lenye kufuli, kila moja ndani ya bahasha ya kaki ambayo mwenyewe ameifunga kwa gundi na kutia sahihi juu ya mfuniko. Anayetaka kwenda nalo nyumbani huenda nalo, na anayetaka kuzichana kurasa na kuzitupa huruhusiwa. Kijana akitaka ukurasa fulani usomwe, hukunja kona ya ukurasa huo na kumkabidhi msimamizi daftari likiwa wazi. Kisipokunjwa kitu, hakisomwi kitu. Siku ya kwanza husomewa pia mpaka wa siri, kwa lugha nyepesi: ikiwa atamwambia msimamizi kwamba anataka kujidhuru, au kwamba kuna mtu anayemdhuru, msimamizi atalazimika kutafuta msaada, na atamweleza kwanza kabla ya kufanya hivyo. Kwa kuwa maandishi hayasomwi, kila anayetoka chumbani huulizwa ana kwa ana anajisikiaje, na nimeridhika kwamba swali hilo huulizwa kwa utulivu, mmoja mmoja, mbali na masikio ya wengine. Usiri huu una uzito wa pekee kwa kijana anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye ukurasa mmoja ukisomwa na jirani wa kitanda unaweza kumharibia shule na mtaa kwa pamoja. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo, lakini karatasi iliyosahaulika juu ya meza haiijui sheria.

Kwa mfumo mzuri hivyo, lililotokea siku ya wageni lilinihuzunisha mno. Wafadhili walialikwa kuitazama huduma, keki ikaletwa, na vijana wakaombwa wasome mbele ya wageni kurasa walizozichagua wenyewe. Kwa karatasi hilo lilikuwa la hiari. Lakini ni hiari gani anayokuwa nayo mtoto wa miaka 14, mbele ya daktari wake, muuguzi wake na watu waliomnunulia daftari? Walisoma. Wageni wengine walitoa machozi, picha zikapigwa kwa simu, na kijana mmoja alisoma mambo ya nyumbani kwao huku mama yake ameketi mstari wa mbele, naye hakuwa ameyasikia kabla. Wiki zilizofuata viti vilipungua waandishi, na binti yangu aliniambia kwamba wenzake waliobaki walianza kuandika mambo mazuri tu, ya shukrani na matumaini, kwa sababu hakuna ajuaye wageni watakuja lini tena. Ndivyo ilivyo: siku kijana anapoanza kumwandikia mtazamaji, anarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kuwafariji watu wazima, na chumba kinakosa maana. Nililipeleka lalamiko hilo kwa wasimamizi, wakalisikiliza kwa heshima, na wameahidi kwamba wageni wajao wataoneshwa chumba kitupu, tranka na vianzio, basi. Naamini wataitimiza ahadi hiyo, na nitaifuatilia.

Faida niliyoiona kwa binti yangu ni ya kawaida, na sitaikuza. Daftari lake sijalisoma, hivyo siwezi kusema liliandikwa nini ndani yake. Ninachoweza kueleza ni kwamba baada ya miezi michache alianza kumuuliza daktari maswali yake mwenyewe kliniki, bila kunitazama kwanza, na siku moja tukiwa njiani kurudi aliniambia, “Mama mdogo, sipendi unapowasimulia watu kanisani habari za ugonjwa wangu.” Alikuwa ameyavumilia hayo kwa miaka. Aliyasema bila hasira, kwa maneno yaliyokaa sawa, kama mtu aliyekwisha kuyatafuta. Maumivu yake yanaendelea kuja kama zamani.

Kuna kasoro nyingine ambazo wasimamizi wanazijua. Uandishi wa namna hii mara nyingi humwacha mtu na huzuni kwa saa moja au mbili baadaye, jambo ambalo tafiti zimelieleza tangu mwanzo, na kwa hiyo muda wa kipindi ni sehemu ya tiba yenyewe. Saa 8 mchana ni saa nzuri, kwani muda wa kuona wagonjwa jioni huanza saa 10 na kijana hupata mtu wa kukaa naye. Lakini kipindi kikichelewa kwa sababu ya mzunguko wa madaktari, hufanywa usiku baada ya ndugu kuondoka, na hilo halifai hata kidogo; heri kiahirishwe. Anayeruhusiwa kurudi Mtwara au Kigoma huondoka na daftari lake lakini hana mtu wa kumpigia simu endapo lililofunguka litamzidi. Kijana aliye katikati ya maumivu makali, au aliyepewa habari mbaya asubuhi ya siku ileile, asipelekwe chumbani kwa kubembelezwa. Pennebaker mwenyewe ameshauri kwamba mtu akihisi kuandika juu ya jambo fulani kutamvuruga kabisa, aliache aandike jingine, na ushauri huo ungepaswa kubandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Mlezi ambaye hospitali yake haina huduma hii anaweza kuanza na daftari la dukani, dakika 15 au 20, siku 3 au 4, mahali penye faragha, kisha kuwa karibu bila kuuliza kilichoandikwa. Sehemu ngumu ni hiyo ya mwisho. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mzazi ana haki ya kufungua kila begi na kila barua ya mtoto wake, na sipuuzi hofu iliyo nyuma ya desturi hiyo. Lakini mlezi asiyeweza kujizuia asimpe mtoto daftari, kwa sababu daftari linalosomwa kwa siri humfundisha mgonjwa kwamba hata pale palikuwa mtego.

Limebaki swali moja ambalo huduma haijalijibu, na ndilo ninalowaandikia wasimamizi kwa barua rasmi. Baadhi ya vijana hawa hufariki. Tranka hubaki na bahasha zao, zenye sahihi juu ya mfuniko, na wazazi huja kuziomba. Hadi sasa uamuzi hufanywa na aliyepo zamu siku hiyo, kwa huruma yake, na huruma ya siku moja si sawa na ya siku nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa; basi aulizwe mapema, siku anapopewa daftari, pamoja na maswali mengine ya kawaida ya fomu ili lisimtishe: likisahaulika hapa au ukihama, apewe nani, au lichomwe? Jibu liandikwe, litiwe sahihi na kijana na mlezi wake, na liweze kubadilishwa wakati wowote. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha, na niko tayari kuiandaa kwa Kiswahili chepesi ikiwa wataniruhusu.